Aliyekataa Mtori Usingizini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa machela ya magurudumu manne, mawili yakitaka kwenda kushoto na mawili yakitaka kurudi nyumbani. Juu yake alilala mfanyabiashara wa mbao mwenye uzito wa lori la mchanga. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Pasua, hapa Moshi, nimetoka kubeba magunia ya unga sokoni, nikidhani hakuna kitu chini ya jua nitakachoshindwa kukisukuma. Tulipofika kwenye mteremko wa kuelekea thieta, yaani chumba cha upasuaji, machela ikanikimbia. Watu waliipisha kama msafara wa waziri, nami nyuma yake nikipiga mbio ambazo nchi hii haijawahi kuziona uwanjani.

Aliyeisimamisha ni Matroni wa Thieta, mama mrefu, mkavu, ambaye alinyoosha mkono mmoja tu na machela ikatulia kama mbuzi aliyemwona mwenyewe.

"Wewe mtoto wa Pasua," akaniambia, "huyu ni mgonjwa au mkokoteni wa ndizi?"

Nikamwambia ni mgonjwa, na shikamoo.

"Marahaba. Basi kuanzia leo utakaa upande wa kichwa. Mgonjwa akifungua macho aone uso wa mtu. Asione dari."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, lakini agizo hilo ndilo lililonishika maisha yote. Kaa kichwani. Naliandika hapa mwanzoni kwa ajili yenu vijana mnaoanza leo, kwa sababu kila kitakachofuata kimetoka humo.

Nilisukuma machela miaka mingi. Jioni nilikuwa nasoma shule ya watu wazima pale mtaa wa Soweto, tukikalia madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa masikio. Nilipofaulu kidato cha nne mke wangu, Mama Zuhura, alipika pilau ya kulisha nusu ya wilaya. Hospitali ikanipeleka mafunzoni, nikarudi nikiwa msaidizi wa nusukaputi. Nusukaputi ni ile dawa ya kumlaza mgonjwa ili asisikie kisu. Kazi yangu ilikuwa kuandaa mirija ya hewa, kuangalia mashine, kumbana mgonjwa kidoleni kile kibanio kinachosoma hewa iliyomo kwenye damu, na kukaa kichwani.

Mkubwa wangu mpya alikuwa Daktari wa Usingizi, mtu mwembamba aliyeongea chini chini, kama anayeogopa kuamsha watu hata nje ya thieta. Yeye alisema kumlaza mtu ni rahisi, hata mhubiri anaweza. "Ugumu ni kumrudisha, Athumani. Hatujui anakuwa wapi. Tunajua tu kama moyo unapiga." Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa mtu wa utani.

Miaka ya mwishoni mwa utumishi wangu alikuja Daktari Bingwa wa Upasuaji, bado kijana, ametoka kusomea upasuaji wa kupunguza tumbo. Siku hizi mnausikia kila mahali, lakini wakati ule mjini Moshi watu walidhani ni kukata kitambi kwa nje kama unavyomenya nundu ya ng'ombe. Sivyo. Anatoboa matundu madogo tumboni, anaingiza kamera, anaufikia mfuko wa chakula, anaukata kwa urefu na kuushona kwa pini ndogo. Sehemu kubwa ya mfuko inatolewa nje. Unaobaki ni mwembamba kama ndizi mbivu. Mtu anashiba kwa vijiko vichache. Isitoshe, ile sehemu inayoondolewa ndiyo inayotuma mwilini ujumbe mwingi wa njaa, kwa hiyo wengi huamka hawasikii njaa kama zamani. Hilo la njaa mlishike, nitalirudia.

Daktari Bingwa hakumkata mtu kabla ya kile alichokiita kikao cha mizani. Anakaa mgonjwa, wanakaa ndugu zake, tunakaa sisi wa thieta, na kila mmoja lazima ataje baya moja la upasuaji huo kabla hajaruhusiwa kutaja zuri. "Baya kwanza," alikuwa akisema. "Zuri lina miguu yake, litakuja lenyewe." Mimi baya langu lilikuwa lile lile siku zote: mtu mnene ana koo jembamba, mrija wa hewa unapita kwa shida, na kumwamsha ni kazi. Wengine walitaja mshono kuvuja, damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni, kutapika, vijiwe kwenye nyongo, vidonge vya vitamini hadi kaburini. Nimeona watu wakiinuka katikati ya kikao na kwenda zao, na Daktari Bingwa akiwasindikiza mlangoni kwa heshima ile ile. Kwake huyo naye ametibiwa.

Katika vikao vyote hivyo, kimoja ndicho ninachokiota.

Mama Firmina alitoka Uru, huko mlimani, mpishi wa sherehe. Ukiona harusi ya huko juu imeisha bila ugomvi, ujue yeye ndiye aliyepika. Alikuwa mkubwa wa mwili kiasi kwamba mlango wa kliniki ulimpokea kwa awamu. Sukari ilikuwa imempanda, magoti yamekataa mteremko wa kwenda kanisani, na akilala pumzi ilikuwa inakatika. Si kukoroma tu. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Nyumba nzima inasubiri. Halafu anavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka mtoni. Binti yake Firmina, mwalimu, alikuwa hawezi tena kulala nyumba moja naye kwa kusikiliza kimya hicho. Daktari Bingwa alisema wazi: akiendelea hivi, siku moja kimya hakitaisha.

Zamu ya Mama Firmina kutaja baya ilipofika, tulidhani atasema anaogopa kisu.

"Baya langu mimi ni mama yangu," akasema.

Mama yake alikuwa amekufa zamani na kuzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, kama desturi ya mlimani ilivyo. Akatueleza bila kupandisha sauti. Pumzi ikikatika, yeye yuko kihambani. Kuna ukungu, na maji ya mfongo yanapita, ule mfereji unaoshuka kutoka msituni, lakini hayana sauti. Mama yake amekaa chini ya migomba, amempa mgongo, anamenya ndizi za mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Hapo mwanzo alikuwa mbali. Sasa yuko karibu, na kila safari anageuka kidogo. Chungu kiko motoni. Harufu yake tu inatosha kumtoa mtu mate.

"Siku akigeuka kabisa atanipakulia," akasema. "Na mimi nitakula. Kwa mama yangu hakuna aliyewahi kukataa chakula. Lakini najua nikikila sirudi. Sasa ninyi mnataka kunilaza usingizi mrefu kuliko wote niliowahi kulala. Atapata muda wa kugeuka."

Kaka yake mkubwa, Mzee Deogratias, mkulima wa kahawa aliyekuja na kofia yake magotini, akaanza kumkemea kwa Kichagga, kisha akageukia kwetu kwa Kiswahili. Alisema dada yake asiwasumbue wataalamu kwa ndoto. Halafu, mkemeaji huyo huyo, akauliza: kama kweli mama atampakulia, na yeye akakataa, si itakuwa ni tusi? Huko kwao kukataa chakula cha mzazi ni kama kumtemea mate. Heri asikatwe.

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, mtamu kweli, kuhusu mtori na uji wa hospitali. Nikamtazama mkubwa wangu, Daktari wa Usingizi, nikaona ameinamisha kichwa anasikiliza kama anasomewa majibu yake ya damu. Utani ukanifia.

Daktari Bingwa naye hakucheka. "Hilo nalo liingie upande wa baya," akasema. "Mama, na zuri?"

Mama Firmina akakaa kimya kirefu, tukamtazama kifua kama kinapanda.

"Zuri ni kwamba nisipokatwa anageuka tu," akasema. "Polepole, lakini anageuka."

Mzee Deogratias ndiye aliyeamua, kwa namna yake. Mlimani kuna mmea unaitwa isale, wa majani marefu membamba, wanaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Mtu uliyemkosea ukimpelekea isale kuomba radhi, hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Mzee akasema siku ya upasuaji, asubuhi na mapema, ataiweka isale kwenye kaburi la mama, kumwomba radhi mapema kwa chakula kitakachorudishwa. "Mimi nitafanya la kwangu," akamwambia dada yake. "Lakini kule ndani hatuna wa kukusaidia. Kukataa utakataa mwenyewe."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimefunga saumu ya sunna, na sikumwambia mtu, maana pale kazini nilikuwa mlaji mashuhuri na wangenitania hadi magharibi. Ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka hadi mjini, taa za koridoni zikawashwa asubuhi. Mzee Deogratias alifika na udongo mwekundu kwenye viatu, akamwambia dada yake neno moja la Kichagga, akakaa kwenye benchi na hakuinuka tena.

Nikasimama kichwani. Mama Firmina akanitazama kutoka chini, uso wake ukiwa juu chini, kama mnavyouona mkisimama kichwani.

"Baba Zuhura," akaniambia, "nikichelewa uniite."

Nikamwambia nitamwita hadi Arusha wasikie. Nikasoma Bismillahi moyoni, dawa ikaingia, akaenda.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri kupita maelezo. Daktari Bingwa alikata na kushona kama fundi wa makanzu. Kipande cha mfuko kikatolewa, kikalala kwenye sinia ya chuma, kikubwa kuliko nilivyozoea. Ninakumbuka muuguzi alikifunika kwa kitambaa kijani, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Kisha dawa zikafungwa. Mgonjwa akaanza kuvuta hewa mwenyewe, vizuri tu, akakohoa, akakunja mkono nilipomwambia akunje. Daktari wa Usingizi akatoa mrija. Mama Firmina akavuta pumzi moja, ya pili. Halafu kimya.

Tulikijua kimya hicho, tulikuwa tumekingoja. Nikamshika taya kwa mikono miwili, nikalivuta juu kama tulivyofundishwa ili njia ya hewa ifunguke. Daktari wa Usingizi akambana barakoa usoni. Mashine ya kibanio ilikuwa ikilia mlio mwembamba, na hewa ikishuka mlio unashuka nayo, unakuwa mzito, kama mtu anayetembea akienda mbali nawe kwenye handaki. Nilimwita. Mama Firmina. Mama Firmina.

Ndipo Daktari Bingwa, aliyekuwa anavua glavu, akainua kichwa.

"Nani ameingiza mtori humu?"

Nami nilikuwa nimeshaisikia harufu hiyo. Ndizi, nyama ya ng'ombe, mafuta ya maziwa yanayoanza kushika juu. Thieta inanuka spiriti na mpira, basi. Miaka yote ile sijawahi kunusa kitu kingine. Mtaniambia mtu mwenye saumu hunusa chakula hadi kwenye ukuta. Sawa. Daktari Bingwa yeye alikuwa amekunywa chai na chapati.

Yule muuguzi alitazama sinia iliyofunikwa, kisha akatazama pembeni.

Nikainama hadi mdomo wangu ukakaribia sikio la Mama Firmina, nikamwita kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu. Macho yakafunguka. Hakuvuta hewa kama mtu wa mtoni. Alivuta taratibu, kama mtu aliyeweka kitu chini. Mlio wa mashine ukapanda ngazi hadi mahali pake, na harufu ikawa haipo. Haikufifia. Haikuwepo tu.

Kesho yake nilikwenda wodini kumsalimia. Alikuwa ameinuliwa kwa mito, anakunywa maji kwa kijiko kidogo. Mzee Deogratias alikuwa upande wa pili wa kitanda.

"Aligeuka?" mzee akamwuliza, na nikajua amenisubiri ili aulize mbele yangu.

"Aligeuka kabisa."

"Akapakua?"

"Akapakua. Bakuli lile lile la mti, lililopasuka mdomoni. Nikalipokea. Kaka, nikalitazama, na sikusikia njaa. Maisha yangu yote sijawahi kutazama mtori nisisikie njaa. Nikamwambia, Mae, nimeshiba." Mae ni mama kwa lugha yao. "Nikamrudishia kwa mikono miwili."

Mzee akauliza kama mama alikasirika. Dada yake akasema hapana, mama alikuwa na jani la isale mapajani, alilishika shika tu. Kisha Mama Firmina akanigeukia mimi.

"Aliniuliza habari yako, Baba Zuhura."

Nikasema mimi mtoto wa mjini, hanijui.

"Alinyoosha kidole juu ya kichwa changu. Akasema: huyo aliyekushika kichwa ana njaa. Mwambie chake namwekea."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuwa nimefunga. Hata Mama Zuhura aliamka akadhani nimeshakunywa chai peke yangu.

Niwaambie ya Mama Firmina yaliishia wapi, maana mizani haina haki ikibeba upande mmoja. Miezi ya kwanza alitapika, nywele zikampungua, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba anaumwa ule ugonjwa. Kwenye sherehe wazee walinuna alipogusa chakula kwa ncha ya kijiko na kuacha, hadi kaka yake akawa anazunguka meza kwa meza kumwombea radhi. Vidonge anameza mpaka leo. Aliniambia kitu anachokikosa ni kuwa na hamu. Anapika kwa kumbukumbu, kama fundi redio aliyeziba masikio. Lakini sukari ilishuka, dawa zake zikapunguzwa, magoti yakasamehe, na Jumapili anapanda mteremko wa kanisani akipiga soga. Na analala. Firmina amerudi kulala nyumba ile. Hakuna kimya tena, na Mama Firmina hajarudi kihambani usingizini tangu siku ile. Ukimuuliza kama angekatwa tena, anasema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza.

Mimi nilistaafu kwa keki, saa ya ukutani na hotuba ya Mganga Mkuu iliyonisifu mpaka nikageuka kutazama nani anasemwa. Na kustaafu, vijana, kunanenepesha. Nilizoea kusimama kutwa. Sasa ninakaa barazani pale Pasua, na Mama Zuhura anajua kupika. Leo mizani ya kliniki ikiniona inatetemeka. Sukari imeingia. Na baada ya adhuhuri nikijinyoosha kitandani, mke wangu huja na kusimama mlangoni. Mwanzo alisema nakoroma kama mashine ya kusaga. Baadaye akaacha kusema. Sasa anasimama tu, anasikiliza.

Mimi sijawahi kulala kihambani hata mara moja. Nimezaliwa mjini, baba yangu kazaliwa mjini, mgomba wetu pekee ulikuwa nyuma ya choo. Lakini ukungu ninaujua sasa. Maji ya mfongo yanapita bila sauti. Kuna mama mmoja amekaa amenielekezea uso. Kwangu mimi hakuanza kwa mgongo. Anafuta bakuli la mti kwa jani la mgomba, bila haraka, kama mtu aliyeahidi.

Nimeomba kikao cha mizani, nimepangiwa wiki ijayo, na Daktari Bingwa yule yule. Nimeandaa mabaya yangu tayari. La kwanza ni koo langu, ninalijua kwa kulitazama kwenye kioo, jembamba kama la chupa. La pili ni mshono, la tatu ni damu kuganda, na umri hauniombei. Mazuri nayo yamekuja kwa miguu yao. La mwisho, la kule, nitalitaja pia. Najua hatacheka.

Mama Firmina alipopata habari alishuka kutoka Uru kuniona, mwembamba, kilemba kimekaa vizuri. Nikamtania kwamba mlango wangu umesikitika, hauna cha kushindana nacho. Akacheka. Akasema isale ataiweka yeye mwenyewe kwenye kaburi la mama yake asubuhi ya kukatwa kwangu, kwa jina langu, hata kama mimi si wa mlimani.

"Lakini kukataa utakataa mwenyewe, Baba Zuhura."

Hapo ndipo penye shida, na nyote mliofanya kazi na mimi mnalijua hili. Nimekula misibani, nimekula maulidini, nimekula Krismasi za watu, na sijawahi kurudisha bakuli likiwa na kitu ndani. Ninategemea kisu cha Daktari Bingwa kitangulie kuniondolea njaa kabla sijapakuliwa.

Wiki hii nilikwenda thieta kuonana na binti anayefanya kazi yangu siku hizi, msaidizi wa nusukaputi, hodari, mikono myepesi. Alinisalimia shikamoo, akanionyesha mashine mpya zinazojua kila kitu. Nikamwambia agizo la Matroni: akae kichwani, nifungue macho nione uso. Akasema wanafundishwa hivyo mpaka leo. Nikamwongezea langu moja, na akadhani ni mzaha wa mzee, akacheka huku akiniitikia. Nikalirudia tena, nimemshika mkono, mpaka akaacha kucheka. Nililomwomba ni kwamba asubuhi ile, kabla hajanishika kichwa, ale kwanza, ashibe.